Gesi Inakwenda Wapi?

Ndugu wasomaji, ukurasa huu aghalabu huzungumzia jiko, malezi na afya ya watoto. Leo naomba ruhusa yenu tutoke nje hadi mahali lilipoegeshwa gari, kwa sababu fedha za jiko na za watoto mara nyingi huponyokea huko bila ya wenye nyumba kutambua.

Nyumbani kwetu tunalo gari dogo, lililokwishatumika Japani kabla ya kuteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam. Baba watoto ndiye alipelekaye kwa mafundi. Mimi ndimi niandikaye daftari la matumizi. Mwishoni mwa mwaka jana niliketi kujumlisha hesabu, nikakuta maneno yale yale yameandikwa mara tatu: "gesi ya AC". Mwezi Machi, mwezi Julai, na tena mwezi Novemba. Nilipojumlisha, niliona fedha ile ingetosha kununua sare na viatu vya shule vya watoto wetu wawili, na ingebaki ya madaftari.

Nikamwuliza baba watoto, "Petroli najua inakokwenda. Hii gesi inakwenda wapi?"

Akanijibu kama wajibuvyo wenye magari wengi hapa mjini: "Imekwisha. Mafundi wamesema gari limekula gesi."

Sikuridhika, lakini sikuwa na hoja ya kumrudishia.

Huenda msomaji akasema kwamba kiyoyozi cha gari ni anasa, na kwamba anayeona joto na afungue dirisha. Kwa wengi ni kweli. Lakini mtoto wetu wa pili ana pumu. Njia yetu ya kwenda shuleni hupita Barabara ya Mandela, ambako malori ya mizigo ya bandarini hupanga foleni, na dirisha likifunguliwa huingia moshi na vumbi kuliko upepo. Siku moja katikati ya Januari, tukiwa katika foleni hiyo, kiyoyozi kilianza tena kutoa hewa ya vuguvugu. Tukafungua madirisha. Kabla hatujafika Ubungo kifua cha mtoto kilikuwa kikilia kama filimbi, nami nikiitafuta dawa yake ya kuvuta mkobani kwa mikono inayotetemeka. Alhamdulillahi, alipata nafuu. Usiku ule tulikubaliana kwamba gari halitajazwa gesi tena mpaka tujue inatokea wapi.

Jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja fundi, ambaye kabla ya kushika magari alitengeneza majokofu kwa miaka mingi. Tulimwamkia, akaitika, kisha baba watoto akamweleza kwamba gesi imekwisha. Mzee akaweka spana chini, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, nyumbani mnalo jokofu?"

"Lipo, mzee."

"La miaka mingapi?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Mmelijaza gesi mara ngapi?"

Nikanyamaza. Hatukuwa tumelijaza hata mara moja.

"Basi," akasema, "petroli huchomwa ikatoka moshi. Gesi hii haichomwi wala hailiwi, huzunguka tu. Ikipungua, imetoroka. Na kilichotoroka kina mlango kilimopita. Mlikuwa mkilipia gesi, hamkuwahi kulipia kuutafuta mlango."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya, na yafaa niyaeleze kama nilivyoelezwa.

Gesi ya kiyoyozi husafiri katika mzunguko uliofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza mpaka ikawa ya moto na yenye presha kubwa. Hupelekwa kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta, ambako upepo huipunguza joto hata ikageuka kimiminika. Hupita katika draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, kisha katika tundu jembamba la vali. Ikishatoka hapo presha hushuka ghafla, nayo huchemka na kuwa gesi tena ndani ya evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kila kinachochemka hutaka joto; gesi hii hulichukua joto hilo kutoka katika hewa ya ndani ya gari, na hewa hiyo ndiyo ipulizwayo usoni petu ikiwa baridi. Baada ya hapo gesi hurudi kwenye kompresa, ikaanza safari upya.

Kwa haki, gari si sawa kabisa na jokofu. Mabomba ya jokofu yameunganishwa kwa kuchomelewa, nalo limetulia mahali pamoja. Gari hutikisika, lina mabomba ya mpira, lina maungio yenye nati, na kompresa yake ina mhimili unaotokeza nje kupitia sili ya mpira. Kwa hiyo hata gari zima hupoteza gesi kidogo kidogo, na baada ya miaka kadhaa laweza kuhitaji kuongezewa. Lakini gari linalomaliza gesi kwa miezi minne lina tundu, na wala hapana maelezo mengine.

Madhara ya kupuuza tundu hilo hayaishii katika bei ya gesi. Mafuta ya kulainishia kompresa husafiri pamoja na gesi, na gesi inapotoroka huyachukua pia. Anayejaza gesi bila ya kurudisha mafuta huiacha kompresa ikisagika kavu. Tena, mfumo ukibaki mtupu unyevu huingia, na unyevu ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula vyuma kwa ndani. Siku kompresa inapokufa, huvunjika vipande vinavyotapakaa katika mabomba, na hapo bei ya matengenezo huwa ni balaa kwa nyumba ya mshahara mmoja.

Kabla ya kulaumu gesi, hata hivyo, yapo mambo ambayo mwenye gari aweza kuyatazama mwenyewe. Je, mkanda wa kompresa haujalegea? Je, feni ya kondensa inazunguka unapowasha kiyoyozi? Je, chujio la hewa ya ndani halijajaa vumbi hata upepo hauwezi kupita? Na tafadhali msishtuke mwonapo maji yakidondoka chini ya gari lililowashwa kiyoyozi. Hayo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji juu ya evaporeta, kama maji yanayotokea nje ya bilauri yenye barafu. Cha kutia wasiwasi ni maji hayo kukosa kudondoka nje na badala yake kulowesha zulia la ndani, maana yake mrija wa kutolea maji umeziba.

Mzee alianza kwa kunyonya gesi iliyobaki kwa mashine na kuipima. Kibandiko chini ya boneti ya gari letu husema kwamba hujazwa gramu 500. Mizani ilionyesha 210. Nikamwuliza kwa nini mafundi wa awali walitosheka kutazama saa ya presha tu. Akasema saa ile, gari likiwa limezimwa, hudanganya. Maadamu ndani kimebaki kimiminika hata kidogo, presha hufuata joto la mazingira wala si wingi wa gesi. Katika joto la nyuzi 30 husoma karibu paundi 97 kwa inchi ya mraba, iwe gesi ni nusu au imejaa. Wingi hupimwa kwa mizani.

Kisha akatafuta mlango. Njia zipo kadhaa, nazo nazipanga kama alivyozitumia.

Ya kwanza ni macho. Kwa kuwa mafuta hutoka pamoja na gesi, mahali panapovuja aghalabu huwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Alipitisha kitambaa cheupe katika kila ungio, chini ya kompresa, na pembezoni mwa kondensa, ambayo hupigwa na mawe ya barabarani na kuliwa na chumvi ya hewa ya pwani.

Ya pili ni povu la sabuni. Mfumo ukiwa mtupu, alijaza naitrojeni kavu hadi paundi 150 kwa inchi ya mraba, akipitisha katika kipunguza presha, kisha akapaka maji mazito ya sabuni kwa brashi. Tundu kubwa hupuliza mapovu papo hapo. Dogo hujenga povu jeupe taratibu, na fundi asiye na subira huondoka kabla halijaonekana.

Ya tatu ni rangi. Hutiwa kiasi kidogo cha rangi maalumu pamoja na mafuta ya kompresa, gari likatumika siku kadhaa, kisha likamulikwa gizani kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Palipovuja hung'aa rangi ya kijani iliyokaribia manjano. Njia hii hufaa kwa tundu dogo sana lisilotoa povu.

Ya nne ni kifaa cha umeme cha kunusia gesi. Kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, ncha ya kifaa hupitishwa polepole upande wa chini wa bomba, si juu. Kwa evaporeta isiyoonekana, hunusishwa kwenye mrija wa kutolea maji, maana gesi iliyovuja huko hushuka na kutokea hapo.

Mafundi wengine hutegemea ombwe peke yake. Huvuta hewa yote kwa pampu, hufunga vali, na kutazama kama mshale wa saa utarudi. Jaribio hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Ombwe huvuta kuelekea ndani, na sili iliyochakaa yaweza kubana inapovutwa ndani, kisha ikaachia inaposukumwa na presha kutoka ndani. Aidha, hukuambia kwamba tundu lipo bila ya kukuonyesha lilipo.

Sasa sikilizeni yaliyogunduliwa. Povu la kwanza lilitokea kwenye ungio la bomba linaloingia kondensa. Ndani yake mna oringi, pete ndogo ya mpira isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati, nayo ilikuwa imekauka na kupasuka. Povu la pili lilitokea mahali ambapo sikupatarajia: katika vali ile ile ya kujazia gesi. Koki yake ya ndani ilikuwa imechakaa, na kifuniko chake hakikuwapo. Yumkini mmoja wa mafundi alikisahau juu ya injini, kikaanguka barabarani. Kifuniko hicho si pambo. Ndani kina mpira, nacho ni mlango wa pili wa kuizuia gesi. Kwa hiyo tulikuwa na tundu moja la uzee, na jingine tulilojiongezea sisi wenyewe kwa kujaza na kujaza.

Matengenezo yalikuwa hivi. Mzee alibadili oringi ya ungio lile na za maungio ya jirani, akatumia zile zilizotengenezwa kwa ajili ya gesi hii, kwani mpira wa kawaida huvimba na kuoza. Kila moja aliipaka mafuta ya kompresa kabla ya kuivika, na nati akaikaza kwa kiasi, maana aluminiamu haipendi nguvu za misuli. Akaweka koki mpya na kifuniko kipya. Akabadili draya, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa draya hunywa unyevu wa hewa ikashiba. Akajaza tena naitrojeni na kupaka sabuni. Hapakutoka hata povu moja. Akavuta ombwe kwa dakika 45, akafunga, akasubiri nusu saa, mshale haukutikisika. Ndipo akaongeza mafuta yaliyopungua na kujaza gesi gramu 500 kwa mizani.

Nasema kweli kwamba sisi tulikuwa na bahati, kwani vilivyoharibika ni vitu vidogo. Kondensa iliyotobolewa na jiwe aghalabu hubadilishwa nzima. Bomba la aluminiamu laweza kuchomelewa na mjuzi, lakini gundi iliyopakwa juu ya tundu haidumu kwa presha ile. Evaporeta ndiyo kazi nzito, maana mara nyingi dashibodi hufunguliwa yote. Hata hivyo, ni afadhali kuijua gharama na kuiwekea akiba kuliko kuilipa vipande vipande bila ya kupona.

Yapo pia ya kukataa. Msikubali mfumo ujaribiwe kwa oksijeni. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka, nayo imekwisha kuua. Msikubali hewa ya kujazia matairi, kwa kuwa ina unyevu. Msikubali gesi ya kupikia, hata mkiambiwa hupoza vizuri. Evaporeta ikipasuka mtakuwa mmekaa ndani ya chumba cha moto. Msikubali bomba lichomelewe likiwa na gesi ndani, maana katika moto gesi hiyo hugeuka sumu. Dawa za kuziba matundu kwa ndani mara nyingi huziba vali na kuharibu mashine za fundi ajaye. Tena mtoto asisogezwe karibu gesi inapojazwa, kwani ikiruka jichoni hugandisha.

Someni kibandiko cha gari lenu. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia gesi ya R-134a. Mengi ya karibuni hutumia R-1234yf, nazo hazichanganywi. Magari yanayotumia petroli na umeme pamoja mara nyingi huwa na kompresa ya umeme wenye nguvu kubwa, inayotaka mafuta ya aina yake peke yake. Yapelekeni kwa anayeyafahamu.

Limebaki jibu la swali langu kwa baba watoto: gesi inakwenda wapi? Inakwenda angani, nako haipotei upesi. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya R-12, iliyotumika katika magari ya zamani, huvunja tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Gesi ya R-134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, lakini hunasa joto la dunia: kilo moja yake, kwa hesabu ya miaka 100, ni sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikutana kwa jirani zetu, katika mji wa Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua.

Nilipiga hesabu katika daftari langu. Gari letu peke yake lilikuwa limepoteza takriban kilo moja na nusu. Hiyo ni sawa na zaidi ya tani 2 za hewa ya ukaa, ambazo ni moshi wa lita zaidi ya 900 za petroli. Tulichoma petroli yote hiyo bila ya kusafiri hata hatua moja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku kiyoyozi cha gari lako kitakapopungua nguvu, usianze kwa kusema "jaza gesi". Muulize fundi: imebaki gramu ngapi? Utatafuta tundu kwa njia gani? Utanionyesha lilipo? Utabadili draya? Utavuta ombwe kwa muda gani? Utajaza kwa mizani? Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kupata mteja anayetaka kazi kamili. Kisha andika tarehe na gramu zilizojazwa katika daftari la nyumbani, na uwashe kiyoyozi dakika kumi kila juma hata siku za baridi, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa isikauke.

Siku ile tulipotoka kwa mzee, mtoto aliweka kipimajoto cha chumbani mbele ya tundu la upepo. Kilishuka hadi nyuzi 8. Tangu hapo miezi saba imepita. Tumepita Barabara ya Mandela madirisha yakiwa yamefungwa, na dawa ya kuvuta imelala mkobani. Katika daftari maneno yale hayajaandikwa tena. Baba watoto alilichungulia juzi, akacheka, akasema, "Kumbe tulikuwa tukimwagia maji gunia."

Bandu bandu huisha gogo. Tundu lisilozidi ncha ya sindano lilitunyima viatu vya watoto kwa mwaka mzima, kwa sababu tu hatukuuliza.